UZI: Tumbo kujaa maji, kutapika damu, kuchanganyikiwa usiku. Kabla ya kusema karuho, tuongee kuhusu ini na bakteria wa utumbo

#1 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Jambo wote.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani hapa Bukavu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu kila nikianza kuandika, hasira inanitangulia. Leo nimetulia. Mnivumilie, utakuwa mrefu.

Baba yangu mdogo ni fundi cherehani, meza yake iko chini kidogo ya soko la Kadutu. Mwaka jana, mvua zilipoanza, suruali zikaanza kumbana kiunoni huku mikono na mashavu yakizidi kukonda. Miguu ikavimba. Macho yakawa ya manjano kwa mbali. Siku moja mteja akamrudishia shati la mtoto wa shule: vifungo vyote vilikuwa vimeshonwa upande wa ndani. Baba mdogo akalishika lile shati, akaligeuza, akaligeuza tena, asione kosa liko wapi. Mtu aliyeshona miaka thelathini.

Nyumbani neno likawa moja: bamemupa karuho. Kwa wasomaji wa mbali, karuho ndilo jina letu la sumu anayopewa mtu kwenye chakula au kinywaji ili imuue polepole. Na kwa kuwa majuma machache nyuma shemeji yake alikuwa ameleta chungu cha sombe (majani ya muhogo) baada ya msiba, jina la mtuhumiwa nalo likapatikana bila shida. Wakampeleka kwa mtu anayetoa dawa za sumu. Akatapishwa siku tatu mfululizo, akakatazwa nyama, samaki, maharage na maziwa. Mimi nilikuwa Uvira. Niliporudi nilimkuta ameketi kitandani amevaa koti, ananiita kwa jina la mama yake aliyefariki zamani.

Hospitalini daktari alimwambia: "Baba, nyoosha mikono mbele, inua viganja kama unazuia gari." Viganja vikaanguka, vikainuka, vikaanguka tena, kama kuku anayekung'uta mabawa. Daktari hakuuliza nani alimlisha nini. Aliuliza: "Baba huyu alienda choo kikubwa lini?"

Siku tano zilikuwa zimepita.

Alitundikiwa maji, akapewa laktulozi, ile dawa tamu ya kunywa inayolainisha choo. Usiku wa pili alienda choo mara tatu. Asubuhi ya siku ya tatu alinitazama, akaniita kwa jina langu, akauliza kama cherehani yake imefunikwa vizuri isinyeshewe.

Nataka kueleza kwa nini dawa ya choo ilimrudishia akili mtu mwenye ugonjwa wa ini. Naandika kwa vipande, msinikatize sana mwanzoni.

#2 Mwana_Walungu

Nipo, muganga. Endelea, kwetu hii habari imevunja familia nyingi.

#3 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Asante. Tuanze na njia ya damu, maana hapo ndipo kila kitu kinapoanzia.

Damu inayotoka kwenye tumbo, utumbo, kongosho na bandama hairudi moyoni moja kwa moja. Inakusanyika kwenye mshipa mmoja mnene, ambao madaktari wetu wanauita veni porti, mshipa wa lango, na mshipa huo unaingia ndani ya ini. Karibu robo tatu ya damu yote inayolifikia ini inapita hapo. Kila tulichokula, kila tulichokunywa, na kila takataka ya bakteria iliyopenya ukuta wa utumbo, ini ndilo linaloipokea kwanza. Lina askari wake humo ndani, seli za Kupffer, kazi yao ni kukamata na kumeza vipande vya bakteria kabla havijafika moyoni na kusambaa mwilini.

Utumbo nao una wakazi. Kadirio la mwaka 2016 linasema mtu mzima anabeba bakteria kama trilioni 38, karibu wote kwenye utumbo mpana. Wengi ni wapangaji wema. Wanachachusha mabaki ya mboga na maharage, wanatengeneza vitamini K. Shida si kuwepo kwao. Shida ni ukuta unaowatenga na damu.

Ini linapojaa makovu (tunaita sirosi), nyongo inayotoka inapungua, na nyongo hiyo ndiyo iliyokuwa inawazuia bakteria wasiongezeke ovyo. Utumbo unakuwa mzito kusukuma. Bakteria wa utumbo mpana wanapanda hadi utumbo mwembamba. Watafiti wa China waliochapisha kazi yao mwaka 2014 walikuta kwa wagonjwa wa sirosi hata bakteria wa mdomoni wamehamia chini na kuota mizizi. Na ule ukuta unalegea. Pombe peke yake inaulegeza, hata kabla ini halijaharibika sana. Basi vipande vya bakteria, hasa kile kiitwacho endotoksini, ambacho ni sehemu ya ngozi ya bakteria kama E. coli, vinaingia kwenye mshipa wa lango kila siku, mchana na usiku.

Askari wa ini wanapiga kelele. Kelele yao inaziamsha seli zenye umbo la nyota, ambazo kwa kawaida zimekaa kimya zinahifadhi vitamini A. Zikiamka zinabadilika kabisa: zinasokota nyuzi za kovu na zinajikaza kama misuli. Njia za damu ndani ya ini zinazidi kuwa nyembamba.

Watu wa Bukavu mtanielewa nikisema hivi. Mnajua machupa na mifuko inayotoka kwenye vilima vyetu, inaingia ziwani, inafika Ruzizi na kuziba mitambo ya bwawa mpaka umeme unakatika? Kinacholiziba lango kinaletwa na maji yenyewe. Ini nalo ndivyo lilivyo: damu inayotoka kwenye utumbo inaleta kitu kile kile kinacholifanya ini lizibe.

#4 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Naendelea. Kuziba ni nusu tu ya habari, na hapa hata wauguzi wenzangu wengi hupapita.

Vile vipande vya bakteria vinachochea pia mishipa ya damu ya utumbo itoe nitriki oksidi, gesi inayoifanya ipanuke. Ikipanuka, damu nyingi zaidi inamiminika kuelekea lango ambalo tayari limeziba. Takataka zimejaa bwawani, na huko juu vilimani mvua inazidi kunyesha. Ndiyo maana presha ya lango inaendelea kupanda hata damu inapokuwa imeshajitafutia njia za pembeni.

Kwa mtu mwenye afya presha hii inapaswa kuwa ndogo sana: tofauti kati ya kuingia na kutoka kwenye ini ni milimita 1 hadi 5 za zebaki. Ikifika 10, matatizo yanaanza kujipanga. Kuanzia 12, mishipa iliyovimba kwenye umio inaweza kupasuka. Linganisheni na presha ya mkononi, ambayo 120 ni ya kawaida. Kwenye mshipa wa lango, 12 inatosha kumfanya mtu atapike damu akafariki usiku huo huo.

Damu iliyokosa njia inachepuka. Inapita kwenye umio, kwenye tumbo la chakula, wakati mwingine unaiona kama minyoo ya bluu kuzunguka kitovu. Bandama inavimba. Na kwa kuwa damu nyingi imelala kwenye mishipa ya utumbo, figo zinadanganyika, zinadhani mwili umekauka, zinaanza kushika chumvi na maji. Maji hayo ndiyo yanayoishia tumboni.

Sasa akili. Bakteria wa utumbo wakivunja protini wanatoa amonia. Ini zima huikamata amonia na kuigeuza kuwa urea, mtu anaikojoa. Ini lenye makovu linashindwa, na damu iliyochepuka hata halijaiona. Amonia inafika kwenye ubongo. Mtu analala mchana na kukesha usiku, anashona vifungo ndani, anawasahau watoto wake. Akikosa choo siku tano, bakteria wamepata siku tano za kutengeneza amonia.

Laktulozi ni sukari ambayo utumbo wetu hauwezi kuimeng'enya. Inawafikia bakteria ikiwa nzima, wanaichachusha, utumbo mpana unakuwa mchachu, na katika uchachu huo amonia inabadilika kuwa umbo lisilopenya kirahisi kurudi kwenye damu. Inatoka na choo. Dawa hii inajulikana kwa kazi hii tangu miaka ya 1960. Kipimo chake si kijiko bali choo chenyewe: unampa mgonjwa kiasi cha kumfanya aende mara mbili au tatu kwa siku, choo laini. Ikiwa ni kuhara kama maji, umezidisha, unamkausha na kuchanganyikiwa kunarudi.

Na sasa mnaona kwa nini nina uchungu na kile kitapisho. Kilimkausha baba mdogo, kilimpotezea potasiamu, na potasiamu ikishuka figo zenyewe zinatengeneza amonia zaidi. Mtu mwenye mishipa iliyovimba kwenye umio kumtapisha kwa nguvu siku tatu, naacha hapo.

#5 Mzee_wa_Bagira

Mwanangu, umeandika vizuri na nimesoma yote. Lakini usitufanye sisi wazee wajinga. Karuho ipo. Nimezika watoto wawili wa ndugu yangu. Mmoja alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, analima mpunga kwenye uwanda wa Ruzizi, hanywi hata kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Hakukonda, hakuchanganyikiwa. Jioni amekula, usiku ametapika damu nyeusi beseni zima, asubuhi hayupo. Ini gani hilo?

#6 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Mzee wangu, heshima yako. Sijasema hakuna mtu mbaya duniani, na pole kwa watoto hao.

Lakini maneno yako matatu yamenigusa: uwanda wa Ruzizi, mpunga, na hakuchanganyikiwa. Kuna kichocho cha tumbo. Mdudu wake mdogo anaingia kwa ngozi ukiwa umesimama kwenye maji yenye konokono wake. Minyoo wanaishi kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yao yanachukuliwa na damu mpaka kwenye matawi madogo ya mshipa wa lango ndani ya ini, yanakwama, kovu linajenga kuyazunguka. Presha ya lango inapanda sana, mishipa ya umio inavimba, lakini nyama ya ini yenyewe bado inafanya kazi. Kwa hiyo mtu huyo hakondi, hawi wa manjano, akili yake iko sawa. Anaishi na bandama kubwa ambayo hakuna aliyeipapasa, hadi usiku mmoja mshipa unapasuka.

Siwezi kumpima marehemu. Naomba tu wadogo zake waliofanya kazi kwenye mashamba hayo wapimwe choo na wafanyiwe ekografi, ile picha ya tumbo. Dawa ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wa mtu, miligramu 40 kwa kila kilo, na ikitolewa mapema inazuia haya yote.

Kwa upande wetu, kipimo cha baba mdogo kilionyesha hepatitisi B. Kirusi hiki mara nyingi mtoto anakipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa au akiwa mdogo sana, kinakaa miaka thelathini, arobaini, bila kelele. Chungu cha sombe cha shemeji hakikuwa na neno. Shemeji alikaa miezi minne bila kukanyaga uwanja wa nyumba ile. Baba mdogo alipopata nguvu alimshonea gauni la kitenge, akalipeleka mwenyewe kwa miguu, hakutuma mtoto.

#7 Mzee_wa_Bagira

Wadogo zake wako watatu. Nitaongea na baba yao Jumapili.

#8 Maabara_Lushi (Lubumbashi)

Naunga mkono kutoka Lubumbashi. Mimi nafanya kazi ya laboratwari na nina neno moja ambalo naliona kila juma.

Mgonjwa ana maji tumboni, amepata homa kidogo au tumbo linauma, au amechanganyikiwa tu bila homa. Familia inakataa sindano ya kutoa maji, eti "ukitoboa tumbo mtu anakufa". Wanakuja kukubali siku ya sita. Yale maji ninayaweka chini ya hadubini, nakuta chembe nyeupe maelfu. Ni bakteria waliovuka ukuta wa utumbo bila shimo lolote, wakaingia kwenye maji yasiyo na kinga ya kutosha. Mara nyingi ni E. coli au Klebsiella, wakazi wale wale wa tumboni.

Mpaka wa kuamua ni mdogo: neutrofili (aina ya chembe nyeupe) 250 kwa kila milimita moja ya ujazo. Ukifika hapo, mgonjwa anaanza antibiotiki siku hiyo hiyo, haisubiriwi kwanza kuotesha vijidudu. Na kwa kuotesha, wauguzi tafadhali: yale maji ya tumbo yatieni kwenye chupa za kuoteshea damu palepale kitandani. Bakteria ni wachache sana kwenye maji haya. Mkiniletea kwenye kichupa cha kawaida baada ya saa tatu, sioteshi kitu, halafu watu wanasema laboratwari ni mbaya.

Rangi pia isiwadanganye. Nimeona maji ya manjano safi kama chai hafifu, ukihesabu unakuta 800.

#9 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Ndugu wa Lushi, nimekusoma kwa kalamu. Hilo la chupa kitandani nitalipeleka kwenye mkutano wetu wa asubuhi.

Niongeze tu: anayetapika damu kwa sababu ya presha ya lango anapewa antibiotiki hata kama hana homa. Wengi wanashangaa, damu na antibiotiki vina uhusiano gani? Uhusiano ndio huu tunaouongea. Wakati wa kutokwa damu ukuta wa utumbo unalegea zaidi, bakteria wanavuka kwa wingi, maambukizi yanapandisha presha tena na mshipa unapasuka mara ya pili. Seftriaksoni gramu 1 kwa siku, siku chache tu, inaokoa maisha.

#10 Mama_Furaha (Goma)

Dada muuguzi, jambo. Nimejiunga leo kwa ajili ya kukuandikia. Baba Furaha ana sirosi ya hepatitisi B, anatumia dawa za kukojoa. Tangu juzi analala mchana kutwa, usiku anazunguka nyumbani anafungua na kufunga mlango. Mwili una joto kidogo. Analalamika tumbo na mgongo, kwa hiyo farmasi wamempa diklofenaki. Anameza pia omeprazoli kila siku tangu mwaka juzi kwa ajili ya kiungulia. Nimemnyima maharage na samaki kwa sababu niliambiwa protini inaleta huu wazimu. Choo sijui, anaona aibu kuniambia. Je, nimsubirie hadi Jumatatu daktari wake arudi?

#11 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Mama Furaha, usisubiri Jumatatu. Nenda leo, sasa hivi kama kuna usafiri. Nakupa la kusema ukifika, liandike kwenye karatasi: "Ana sirosi na maji tumboni, ana joto, ana maumivu ya tumbo, amebadilika akili siku mbili. Naomba apimwe maji ya tumbo leo."

Diklofenaki iache kabisa. Yeye, ibuprofeni na ndugu zao wanazifunga figo za mtu mwenye maji tumboni. Kwa maumivu, parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, inavumilika vizuri zaidi. Ukiona wanataka kumchoma jentamisini (antibiotiki), uliza kwa upole kama kuna nyingine, maana nayo inaumiza figo hizo hizo. Omeprazoli muulize daktari kama bado anaihitaji. Asidi ya tumbo ni mlinzi: ukiizima miaka miwili bila sababu nzito, bakteria wanapita, na wagonjwa wa sirosi wanaoimeza kila siku wanaonekana kupata maambukizi na kuchanganyikiwa zaidi.

Choo, achana na aibu. Angalia mwenyewe. Kama ni cheusi kama lami, ni damu, sema hivyo mlangoni. Kama hajaenda, sema siku ngapi.

Chakula mrudishie. Zamani hata sisi tulifundishwa kuwanyima protini, na ilikuwa kosa. Msuli nao unasafisha amonia, mtu anayekonda anapoteza ini lake la pili. Gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Maharage, maziwa, sambaza mbichi (samaki wadogo wa ziwani) za kuchemsha au kukaanga, mayai. Na kitu kidogo kabla ya kulala, hata kikombe cha uji, asilale na njaa usiku kucha. Unachopaswa kupunguza ni chumvi: makayabu (samaki wa chumvi), na zile kete za mchuzi tunazotia kwenye sombe.

Andika hapa ukifika.

#12 Mwana_Walungu

Wakati tunasubiri habari za Mama Furaha, nina swali. Kwetu Walungu tunakunywa mashanza. Kama ugonjwa ni bakteria wabaya kuwashinda wazuri, si maziwa haya yaliyoganda yana bakteria wazuri? Kuna mtu anauza hapa mjini anasema yanatibu ini.

#13 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Hatibu ini huyo. Mashanza ni chakula kizuri, yana protini ambayo wagonjwa hawa wanaivumilia vizuri kuliko nyama nyekundu. Kuna majaribio, mengine ya India, ambayo bakteria wazuri wa kwenye vidonge walipunguza kuchanganyikiwa na kulazwa. Lakini hao ni aina zilizochaguliwa, kwa idadi inayojulikana. Mashanza ya maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, bakteria mbaya wa mifugo, na mtu ambaye ukuta wa utumbo wake unavuja ndiye wa mwisho kumpa maziwa yasiyochemshwa. Yachemsheni kwanza, ndipo myagandishe.

#14 Kijana_ISTM (Bukavu)

Yaya, mimi nasomea uuguzi. Kama bakteria ndio wanaopandisha presha ya lango, kwa nini tusiwaue wote kwa antibiotiki? Siprofloksasini inauzwa kila kona ya Nyawera.

#15 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Swali zuri, na watafiti wameliuliza kabla yako. Uswisi walilea panya wasio na bakteria hata mmoja, wakawabana sehemu ya mshipa wa lango. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2015: presha yao haikupanda kama ya panya wenye bakteria. Kwa hiyo wazo lako lina mguu wa kusimamia.

Kwa binadamu ni vigumu zaidi. Kuna antibiotiki iitwayo rifaksimini, ambayo karibu yote inabaki ndani ya utumbo. Mwaka 2010 jaribio kubwa lilionyesha kwamba ikiongezwa juu ya laktulozi inazuia kuchanganyikiwa kusirudi, na kwa kazi hiyo inatumika. Lakini je, inashusha presha ya lango? Wagiriki mwaka 2009 walipata matokeo ya kutia moyo kwa wagonjwa wachache. Wadenmark walipolinganisha na kidonge kisicho na dawa, mwaka 2017, hawakuona tofauti. Bei yake nayo iko juu ya mifuko yetu.

Kumeza siprofloksasini ya barabarani kunaua wapangaji wema pamoja na wabaya, na wanaobaki ni wale wasiosikia dawa. Siku mgonjwa akipata maambukizi ya maji ya tumbo kweli, unakuwa umeshaivunja silaha mwenyewe. Kinga ya muda mrefu ipo, lakini ni kwa waliowahi kuambukizwa na wachache wenye hatari kubwa, kwa uamuzi wa daktari.

Dawa ninayoipenda mimi ni ya zamani na bei yake ni ndogo: propranololi. Didier Lebrec na wenzake wa hospitali ya Beaujon, nje kidogo ya Paris, walionyesha mwaka 1980 na 1981 kwamba inashusha presha ya lango na inazuia kutokwa damu tena. Ilidhaniwa inafanya kazi kwenye moyo na mishipa tu. Baadaye ikaonekana pia kwamba inauharakisha utumbo mzito na kupunguza kuvuja kwa ukuta. Karvediloli ni ndugu yake, leo inatumika sana. Lakini msiianze wenyewe. Mtu ambaye presha ya mkono iko chini, au figo zinashindwa, inaweza kumwangusha.

Baba mdogo yuko kwenye propranololi, tenofoviri ya kumlaza kirusi, na laktulozi. Fibroskopi, mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ilikuta mishipa miwili mikubwa kwenye umio, ikafungwa kwa mipira midogo. Watoto wake wote wamepimwa. Wawili hawana kirusi na wameanza chanjo. Wa kwanza anacho, ini lake bado laini, anafuatiliwa kila miezi sita.

#16 Mama_Furaha (Goma)

Mrejesho. Samahani nimechelewa, simu haikuwa na moto.

Tulienda jioni ile ile. Nilimsomea muganga wa zamu ile karatasi kama ulivyoandika. Mwanzo alitaka kumtundikia maji tu, nikarudia mstari wa mwisho mara ya pili. Akamwita daktari. Walichukua maji ya tumbo usiku huo, hesabu ilitoka asubuhi: 1,100. Yuko kwenye seftriaksoni siku ya nne leo, amepewa pia albumini (protini ya damu, ya kutundikwa) siku ya kwanza na jana. Tuliitafuta farmasi tatu. Choo alikuwa hajaenda siku nne.

Jana alasiri aliniuliza kwa nini nimemletea radio isiyo na betri. Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Daktari anasema tutatoka kesho kutwa. Niulize nini kabla ya kutoka?

#17 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Asante Mungu. Mama Furaha, ule mstari ulioukazania mara ya pili ndio uliomwokoa.

Uliza haya. Je, maji ya tumbo yatapimwa tena kuona hesabu imeshuka? Atahitaji antibiotiki ya kinga nyumbani, ipi na mpaka lini? Fibroskopi ya umio ni tarehe gani? Atarudi kwenye dawa za kukojoa lini na kwa kipimo gani, maana figo zimepita kwenye mtihani? Omeprazoli inaendelea au imeisha? Na wewe na Furaha mpimwe hepatitisi B kabla hamjatoka kwenye lango la hospitali, mkiwa bado mko hapo.

Laktulozi nunua chupa mbili, isikatike. Weka daftari karibu na choo, aweke alama mwenyewe kila akienda. Wanaume wengine aibu inaisha kalamu ikiwa mkononi mwao.

#18 Mama_Furaha (Goma)

Daftari nimenunua. Lina mstari mmoja tayari, saa kumi na mbili asubuhi, kwa mwandiko wake.